SOMO LA DUARA LA MAWE NA ADABU ZA KUZURU ATHARI ZA WATU WA KALE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza. Ama baada ya hayo: mwenye kupita katika mapori ya Mpanda na Katavi, kando ya mito au katika mabonde ya miombo, huweza kukuta mawe yaliyokaa kwa duara mahali pasipokuwa na nyumba wala mtu. Akiyakuta humjia suala: Ni nani aliyeyaweka? Na suala hili watu hulijibu upesi kabla ya kulitazama. Mmoja husema, "Hii ni kazi ya watu wa kale mno." Wa pili husema, "Hapa pana mashetani, tusikawie." Na wa tatu husema, "Hapa Wajerumani walifukia mali," na huyu wa tatu ndiye arudiye usiku na sururu.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wote watatu. Nasi twataka msomaji alishike neno moja, kwani mengine yote yamejengwa juu yake: ushahidi wa mambo ya kale haumo ndani ya jiwe, umo mahali jiwe lilipokaa. Jiwe likiwa mahali pake, pamoja na udongo ulio chini yake na mfupa ulio kando yake, ni shahidi mwenye kusema. Likiondolewa, ni shahidi aliyekatwa ulimi, wala hapana fundi awezaye kumrudishia.

FASILI YA KWANZA: Si kila duara ni la kale

Fahamu, ewe ndugu msomaji, kwamba mawe yote ni ya kale. Mlima uliyazaa kabla ya mtu yeyote kuyashika. Kwa hivyo tusiulize umri wa jiwe, tuulize umri wa duara. Yaani, mawe haya yamekusanyika hivi tangu lini, na kwa sababu gani?

Na sababu ni nyingi. Nyumba ya msonge ikianguka, miti yake huliwa na mchwa, na mawe yaliyozunguka msingi wake hubaki. Kihenge cha nafaka huwekwa juu ya mawe ili mchwa wasipande. Mtama ukiisha na kihenge kikioza, mawe hubaki. Warina asali hupiga kambi, huzungushia moto wao mawe, kisha huenda zao. Wachimba dhahabu hufanya vivyo hivyo. Na kaburi nalo huzungushiwa mawe. Basi mtu akija baada ya miaka 50, nyasi zimeota na wenyewe wamehama, hukuta duara tupu na hudhani amekuta jambo la miaka elfu.

Na katika nchi hizi za magharibi, kuhama kumekuwa kwingi. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika na kuwaweka katika vijiji vikubwa kwa sababu ya maradhi ya malale, na vijiji vya asili vikaachwa vikamezwa na pori. Kiasi cha mwaka 1950 reli ilifika Mpanda kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa risasi, na mgodi ulipofungwa watu wakatawanyika. Kisha katika miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya ujamaa, watu wengi walihamishwa tena. Kwa hivyo duara ulionalo leo laweza kuwa la bibi yako mwenyewe, na wazee wa kijiji wakaweza kukutajia hata jina la mwenye nyumba. Waulize hao kwanza kabla hujasema neno.

FASILI YA PILI: Duara lililowashughulisha wataalamu

Wala usidhani kwamba ni sisi tu tunaotatizwa na duara la mawe. Wataalamu wakubwa wametatizwa nalo, na duara lenyewe limo katika nchi hii ya Tanzania.

Katika bonde la Oldupai, upande wa kaskazini, pana korongo lenye urefu wa karibu kilomita 50, lililochongwa na mto ambao siku nyingi za mwaka hauna maji. Mahali pa uchimbaji huko hutajwa kwa herufi, na nyingi huishia kwa herufi K, nayo ni ya neno letu hili hili la korongo. Mwaka 1962 Bibi Mary Leakey alikuwa akichimba mahali paitwapo DK, akafunua mawe meusi ya volkano yaliyokaa kwa duara lenye upana wa kiasi cha mita 4. Upande mmoja mawe yalikuwa yamelundikana vichungu vichungu, kila kichungu mbali kidogo na mwenziwe. Pamoja nayo kulikuwa na zana za mawe zilizochongwa na mifupa ya wanyama. Tabaka ile ya ardhi ina umri wa zaidi ya miaka 1,800,000.

Bibi Leakey aliona kwamba mawe haya yaweza kuwa msingi wa kibanda au kizuizi cha upepo, na kwamba katika vile vichungu yalisimikwa matawi. Alieleza hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1971. Kama ni hivyo, basi hili ni miongoni mwa majengo ya zamani kupita yote yajulikanayo duniani.

Walakini katika miaka ya 1980 wataalamu wengine, na miongoni mwao Richard Potts wa Marekani, waliyatazama tena maelezo hayo kwa utulivu. Wakasema: chini ya mahali pale pana mwamba uleule mweusi. Mti mkubwa ukiota juu ya mwamba hueneza mizizi yake pande zote, na mizizi huupasua mwamba na kuyainua mawe. Mti ukifa na kuoza, mawe hubaki kwa duara, wala hapakupita mkono wa mtu. Zana zilizo karibu ni za kweli, na mifupa ni ya kweli. Lakini je, jambo hilo lathibitisha kwamba mwenye zana ndiye aliyeyapanga mawe? Watu wawili wakikutwa njiani, haimaanishi kwamba walitoka nyumba moja.

Basi mpaka leo duara la DK lina maelezo mawili, na mwenye insafu huyataja yote mawili. Tazama, ndugu, jambo lililo muhimu hapa. Wale wa baadaye waliweza kumjibu Bibi Leakey kwa sababu yeye mwenyewe aliyachora mawe moja moja, kila jiwe mahali pake, na kuandika tabaka lililokuwamo. Angaliyazoa na kuyatia kapuni, tungelikuwa na kapu la mawe, wala hapangelikuwa na suala wala jawabu.

FASILI YA TATU: Mawe yaliyosimamishwa Turkana

Mfano wa pili uko Kenya, magharibi ya Ziwa Turkana. Karibu na Kalokol zimesimama nguzo za mawe, na Waturkana hupaita mahali pale Namoratunga, yaani watu wa mawe. Hapa hapana shaka kwamba ni mkono wa mtu, kwa kuwa upepo na maji havisimamishi nguzo. Shaka imo katika makusudio.

Mwaka 1978 wataalamu wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo 19 za hapo zimeelekezwa kwenye nyota, na kwamba watu wa kale walihesabia kwazo siku za mwaka. Nao wakakadiria kwamba ni kazi ya kiasi cha miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Habari hii ilipendeza mno, ikaenea. Lakini wengine walipopima upya hawakukubaliana na vipimo vile. Na uchimbaji wa miaka ya karibuni katika mahali pa nguzo kama hizo, hasa Lothagam, ulionyesha jambo jingine: pale ni maziara. Habari zake zilitolewa mwaka 2018, na humo yasemwa kwamba mahali pale palijengwa na wafugaji wa kwanza wa nchi ile kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, na kwamba wamezikwa hapo watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo. Na kando ya jukwaa la makaburi yako maduara ya mawe pia.

Hapa pana mafundisho mawili. La kwanza, maelezo yapendezayo si lazima yawe ndiyo ya kweli. La pili, na hili ni zito kupita lile: duara usilolijua laweza kuwa kaburi. Nasi tumefundishwa kutokanyaga kaburi wala kulikalia. Basi mwenye kuingia duara asilolijua, na aingie kama aingiavyo maziarani.

FASILI YA NNE: Bonde la Kalambo lililo karibu nasi

Msomaji wa Mpanda atasema, "Oldupai ni mbali, na Turkana ni mbali zaidi. Mimi nitajifunza wapi?" Jawabu: katika bonde la mto Kalambo. Katavi na Rukwa zilikuwa mkoa mmoja hata mwaka 2012, na Kalambo ni upande wa kusini wa nchi ile ya jirani zetu.

Njia yake ni hii. Msafiri hutoka Mpanda hata Sitalike, akapita katika hifadhi ya Katavi, kisha hupanda nyanda za juu za Ufipa hata Sumbawanga. Na baada ya Sumbawanga ni Matai, ndipo aelekee Kapozwa, kijiji kilicho karibu na maporomoko. Safari hii yafaa zaidi wakati wa kiangazi. Na akiwa Ufipa na aulize habari za malungu, yaani matanuri marefu ya udongo, yapitayo kimo cha mtu, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma. Mengine yangali yamesimama mashambani. Hayo ni athari ambazo wenyewe bado wanajulikana na kazi yake bado yasimuliwa. Basi ni darasa jema la kuanzia kabla ya kufikia zile ambazo wenyewe hawajulikani.

Mto Kalambo ndio mpaka wa Tanzania na Zambia. Kabla ya kuanguka kwenye maporomoko yake, yenye kimo cha zaidi ya mita 200, hupita katika bonde dogo la upole, ambamo maji huzunguka polepole na kuacha mchanga na tope. Mwaka 1953 mtaalamu Desmond Clark alifika katika bonde hili, na katika miaka iliyofuata akachimba upande wa Zambia. Alikuta mashoka ya mawe ya mkono, na juu yake tabaka za zana za zama nyingine, hata vyungu vya watu waliofua chuma. Na alikuta kitu ambacho ni nadra mno katika mahali pa kale namna hiyo: miti.

Mti huoza, kila mtu ajua. Lakini mti uliofunikwa na tope lenye maji siku zote haupati hewa, na vijidudu vya kuozesha haviwezi kuishi humo, basi hubaki. Ndiyo sababu utulivu wa bonde ulihifadhi kile ambacho kwingine kote kilipotea.

Mwaka 2019 wachimbaji walirudi Kalambo, wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, na mwezi wa Septemba 2023 wakatoa habari iliyowashangaza watu. Walikuta magogo mawili, moja limelala juu ya jingine kwa kukingama, na gogo la juu limechongwa pengo ambamo la chini limekaa. Umri wake ni kiasi cha miaka 476,000. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kwamba katika zama zile palikuwa na wenye kuunganisha mti na mti.

Sasa rudi kwenye neno letu la kwanza. Ni nini kilichoshuhudia kwamba hii si kazi ya maji ya mto? Mto huleta magogo kila masika, na huyalaza moja juu ya moja. Mashahidi ni wawili: alama za zana juu ya mti, na mahali magogo yalipokutana, pengo la hili na mwili wa lile. Lau mtu angaliling'oa gogo moja akalifanya kuni, lililobaki lisingalisema chochote. Na wavumbuzi wenyewe hawakupita mpaka wa ushahidi wao. Walisema ni kiungo kilichotengenezwa kwa makusudi. Ama kuwa ni jukwaa, au njia ya kupitia juu ya tope, au msingi wa makao, hayo waliyataja kuwa ni mambo yawezekanayo.

FASILI YA TANO: Masuala na majibu

Suala: Miaka hii yahesabiwaje, na jiwe halina cheti cha kuzaliwa?
Jawabu: Kwa njia nyingi. Oldupai ina tabaka za majivu ya volkano. Ndani ya majivu mna potasiamu, na sehemu ndogo yake hugeuka kuwa hewa iitwayo agoni, kidogo kidogo kwa mwendo usiobadilika. Volkano ilipowaka, agoni ya zamani ilitoka, na hesabu ikaanza upya. Basi wataalamu hupima agoni iliyokusanyika tangu siku ile. Kalambo walipima mchanga. Punje ya mchanga ikifunikwa isipate jua, hukusanya nguvu kutoka katika ardhi iliyoizunguka. Ikichokolewa kwa taa maalumu, huitoa nguvu ile kwa namna ya nuru, na kwa wingi wa nuru hujulikana imekaa gizani muda gani. Angalia: njia zote mbili hupima tabaka lililozunguka kitu. Kitu kilichokwisha kung'olewa katika tabaka lake hakina umri tena.

Suala: Je, Wajerumani hawakufukia mali?
Jawabu: Ni kweli kwamba mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15. Lakini kuwako kwa sarafu hakuthibitishi kwamba ziko chini ya kila duara. Mchimbaji husema mawe haya ni ya kale mno, kisha hutafuta chini yake fedha ya mwaka 1916. Maneno haya mawili hayakai pamoja. Kama ni ya kale, hapana rupia. Na kama ni ya Mjerumani, si ya kale. Aambuliacho ni shimo, na pengine mifupa ya maiti aliyemvunjia heshima bila ya kumjua.

Suala: Na wanaoogopa mashetani?
Jawabu: Khofu si dalili. Mahali palipoachwa na watu hutisha kwa upweke wake, na giza likiingia hutisha zaidi. Lakini kusema kwamba jambo fulani limo mahali fulani ni kutoa habari, na habari hutaka elimu. Na asiyejua, kusema "Sijui" si aibu kwake.

Suala: Sheria yasemaje?
Jawabu: Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Inavilinda vitu vilivyofanywa na watu kabla ya mwaka 1863, na haimruhusu mtu kuchimba mahali pa kale pasipo kibali cha serikali. Na Kalambo yataka hadhari zaidi, kwa kuwa machimbo ya wataalamu yako ng'ambo ya mto, na mto ni mpaka wa nchi. Anayetaka kuyafikia na apite njia ya halali kwa ruhusa za nchi zote mbili. Wa upande wetu na atosheke na kulitazama bonde na maporomoko kutoka upande wetu.

KHATIMA: Adabu za mwenye kuzuru

Kwanza, awaulize wenyeji, na aanze na wazee. Pili, azunguke duara kwa nje kabla ya kuingia, na atazame: je, mawe ni ya namna moja na mwamba wa hapo, au yameletwa kutoka mbali? Je, pana mti mkubwa au kisiki katikati? Je, pana mlango? Je, maji ya masika hupita hapo? Tatu, apime kwa hatua na achore katika daftari, na aandike siku na mahali. Nne, asichukue hata kigae kimoja, kwani wageni mia wakichukua mia, wa mia na moja hatakuta kitu. Tano, akiona kitu cha ajabu, akiache kilivyo na apeleke habari kwa ofisi ya kijiji au ya wilaya. Sita, akisimulia, atenganishe maneno matatu: niliona, niliambiwa, nadhani. Asiyatie katika chombo kimoja.

Methali yasema mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, lakini mwenye mikono huambiwa usiguse. Waliopanga mawe hawakutuachia kitabu wala jina. Walichotuachia ni mpango wa mawe peke yake, na mpango ule ukivunjwa leo kwa tamaa ya usiku mmoja, watoto wetu watakuta shimo, nao watatuuliza sisi, si wao wa kale. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

MASUALA YA KUJIPIMA

1. Kuna tofauti gani baina ya umri wa jiwe na umri wa duara?
2. Taja maelezo mawili ya duara la DK, na dalili ya kila moja.
3. Kwa nini miti ya Kalambo haikuoza?
4. Ni mashahidi gani wawili walioonyesha kwamba magogo ya Kalambo si kazi ya mto?
5. Katika kijiji chako, ni duara gani la mawe ambalo wazee bado wamjua aliyeliweka? Waulize, na uandike jawabu lao wangali hai.